Mume wangu ananitunza vizuri, mbona nalia chooni?

Shikamoo mama. Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike wa mwaka na miezi minne, tunaishi Dar. Hii barua nimeiandika mara tatu nikaifuta, kila nikiisoma naona kama mtu aliyeshiba analalamika, ila usingizi sipati kwa hiyo acha niitume hivihivi.

Mi nimezaliwa kijijini Shinyanga, tulikuwa watoto saba, wasichana watano. Nikueleze kidogo kwetu palikuwaje ili unielewe. Kuku akichinjwa firigisi ni ya baba, baba asipokuwepo ni ya kaka, na huyo kaka alikuwa na miaka sita mi nina tisa, namtengea mwenyewe kwa mikono yangu na ole wako uonje. Dada zangu wawili waliolewa wakiwa bado watoto, ng'ombe zao ndio zilimsomesha kaka na nyingine zikaenda kumtolea mahari mkewe. Baba akinywa alikuwa anampiga mama, mpaka leo mama hana jino moja la mbele, na asubuhi yake unamkuta anamchemshia maji ya kuoga kama hakuna kilichotokea. Mimi nilinusurika kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa mama ntilie mjini, akanichukua, akanilipia chuo cha ufundi, VETA, nikasoma umeme wa majumbani. Darasani tulikuwa wasichana wawili tu.

Nimefanya kazi ya waringi miaka minne mama. Na mume wangu nilikutana naye kazini, alikuwa anajenga nyumba yake Kinyerezi, fundi mkuu akanipa mimi kazi ya vyumba vyote na sebule. Alinikuta juu ya ngazi napitisha waya darini, akanisalimia, kesho yake akarudi, keshokutwa akarudi tena. Yaani nyumba ninayoishi waya zake zote nazijua zinapita wapi.

Tulipooana akaniambia sasa pumzika, umehangaika vya kutosha, mke wangu hawezi kupanda ngazi za watu. Nilifurahi, sikudanganyi, nililia kwa furaha, hakuna mtu aliwahi kuniambia pumzika maisha yangu yote. Begi langu la zana akampa binamu yake, alinibusu kabisa kwenye paji la uso akasema haya hutayahitaji tena. Nilibaki na tesa moja tu, ile ya kupimia umeme, nimeificha kwenye droo ya nguo za mtoto. Hela ya matumizi ananiachia, hanipigi, hanitukani, hana wanawake nje ninavyojua mimi. Ila nikitaka kwenda sehemu ananiambia nitakupeleka, nikitaka kununua kitu ananiambia niambie nitanunua, tukizungumza mambo ya hela au kiwanja anacheka ananiambia we usijichoshe kichwa na hayo. Mawifi zangu nao wananiambia umetolewa porini umewekwa kwenye marumaru, unataka nini tena. Nikimpigia mama yangu ananiambia mwanangu mshukuru Mungu, wenzio tunatafuta hicho.

Sasa mwezi uliopita soketi ya sebuleni ikaanza kutoa cheche ukichomeka pasi. Nikamwambia mume wangu nitaiangalia, akasema hapana una mtoto, akamwita kijana. Nimesimama na trei ya juisi namwangalia yule kijana anageuza laivu na nyutro, yaani waya wenye umeme kauweka mahali pa ule wa kurudishia, athi, waya wa usalama, kaiacha inaning'inia, kafunga tepu juu, kapewa 30,000 kaondoka. Sikusema neno mama. Mimi! Usiku sikulala. Saa tisa nikaamka nikazima mein swichi, nikashika tochi ya simu mdomoni, nikapima na tesa, nikaifungua kwa bisbisi ya cherehani nikaipanga upya. Feni lilivyozima mume wangu akageuka kitandani akasema "wamekata tena hawa" akaendelea kulala. Nilipomaliza mikono ilikuwa inatetemeka kwa raha, nakuapia, nilikuwa sijajisikia vile tangu nijifungue. Halafu nikaingia chooni nikalia mpaka alfajiri, sijui nilikuwa nalilia nini.

Tangu hapo moyo unanienda mbio, chakula hakishuki, nikimbeba mtoto naona kama nimembeba mtoto wa mtu. Juzi alitambaa akaichukua ile tesa kwenye droo nikamnyang'anya kwa hasira nikampa mdoli, nikajiogopa. Rafiki yangu niliyesoma naye ana saiti Kibaha, anasema njoo, 35,000 kwa siku, mume wako si lazima ajue, mtoto mwachie jirani. Mume wangu kwa kweli ni mtu mzuri, mama yake alikuwa anakaanga samaki pale soko la Feri kumsomesha, mikono yake yote ina makovu ya mafuta, na ye huwa anasema aliapa mke wake hataungua kama mama yake. Sasa mtu kama huyo nitamwambia nini? Mimi ni mtu asiye na shukrani au naumwa? Nisaidie mama.

Mke wa mtu, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma jioni nikaisoma tena asubuhi, na nashukuru hukuifuta mara ya nne.

Kwanza nikurudishie nilivyokuelewa, nikikosea utaniambia. Umetoka kwenye nyumba ambayo mwanamke anakula mwisho na anapigwa, ukajinasua kwa ufundi wa mikono yako, halafu ukaingia kwenye nyumba unayopendwa, na humo ndani ndimo ule ufundi umefungiwa kwenye droo ya nguo za mtoto. Na kila unayetaka kumwambia kwamba kuna kitu kinauma anakuonyesha marumaru. Mpaka wewe mwenyewe sasa unajionyesha marumaru.

Umeniuliza kama huna shukrani au unaumwa. Hapo naomba nikusimamishe kidogo. Umejipa majibu mawili tu na yote mawili kosa ni lako, ama una roho mbaya ama una ugonjwa. Hilo swali umejifunzia wapi? Mi naona umejifunzia palepale kwenye firigisi. Mtoto wa miaka tisa anamtengea mdogo wake kipande kizuri na anajifunza kwamba kutamani tu ni kosa, hata kabla ya kuonja. Sasa una miaka 29, umetamani kushika bisbisi kwenye nyumba uliyoipitishia waya mwenyewe, na ukajisikia mwizi. Usiku, kwa tochi mdomoni. Hebu itazame hiyo picha vizuri mwanangu, ile ilikuwa soketi yako.

Na kuna rula unayojipimia ambayo mimi inanitia wasiwasi, hilo jino la mama yako. Naona kila maumivu yako unayaweka pembeni ya jino la mama, na kwa kuwa yako hayajang'oa jino basi unayatupa. Kumbuka hata jino lenyewe halikuwa halali kung'oka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake hata mila iseme vinginevyo, na mama yako amepigwa sheria hiyo ikiwa tayari ipo. Ni kwamba pale kijijini pipa la uvumilivu lilikuwa kubwa sana, na mama akikwambia "mshukuru Mungu" anakupimia kwa pipa lake. Anakupenda, ila hawezi kukupimia kwa kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Unaweza kumheshimu mama na bado ukakataa kipimo chake.

Sasa nikwambie jambo ambalo naona hakuna aliyekwambia. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Glick na Susan Fiske, waliandika kwamba ubaguzi wa kijinsia una sura mbili. Moja ni ile unayoijua toka kwenu, ya dharau na ngumi. Ya pili ni ya upole, inayosema mwanamke ni kitu cha thamani cha kulindwa, asihangaike, asishike vizito, asijichoshe kichwa. Baadaye, mwaka 2000, wakiwa na wenzao wengi wakatoa matokeo ya watu zaidi ya 15,000 wa nchi 19, Nigeria, Botswana na Afrika Kusini zikiwemo, wakakuta nchi ambazo ile sura ya dharau iko juu na hii ya upole nayo iko juu. Yaani zinatembea pamoja. Nakwambia hivi si ili umwone mume wako na baba yako ni kitu kimoja, hapana, tofauti yao wewe unaijua kuliko mimi na ni kubwa. Nakwambia ili ujue kwamba kinachokuchanganya hakipo kichwani mwako tu.

Kuna jingine la mwaka 2007, watafiti wa Ubelgiji waliwapa wanawake mtihani kama wa kuomba kazi, wengine wakaambiwa maneno ya dharau waziwazi, wengine wakaambiwa kwa upole kabisa kwamba wasijali, wanaume wa pale kazini watawasaidia na kuwapa muda wa kuzoea. Unajua waliofanya vibaya zaidi ni kina nani? Wale wa maneno ya upole. Mtu akikutukana unajua ametukana, unakunja ngumi unaendelea na kazi. Akikwambia kwa upendo kwamba huwezi, huna wa kumkasirikia, kwa hiyo ile sauti inaingia ndani inakaa, inaanza kukuuliza kweli naweza, kweli nilikuwa najua? Nadhani ndio maana ulisimama na trei ya juisi ukamwangalia kijana anageuza laivu na nyutro na mdomo haukufunguka. Umeshangaa ukaandika "Mimi!". Mi sikushangaa sana.

Tuje kwa mume. Naona umeshaamua kwamba kumwambia ni kumuumiza, kwamba ukisema nataka kazi atasikia hufai, hukutosha. Inawezekana. Mtoto aliyeona mikono ya mama yake inaungua na mafuta kila siku Feri, akaapa, kile kiapo chake si mchezo, ndicho kilichomfikisha alipo. Lakini ulishamuuliza mama mkwe mwenyewe anaionaje ile kazi? Wewe umeandika makovu, mume wako anaona makovu, na yeye je? Wanawake wa namna hiyo nimewafahamu wengi, wengine ukiwagusia kazi yao ya zamani wanalia kwa machungu, na wengine wanainuka kwenye kiti kabisa kukuonyesha walivyokuwa wanageuza samaki, hawataki pole ya mtu. Hujui wako ni yupi. Na sidhani kama mwanaye anajua, maana kiapo alikiapa mwenyewe, hakuna mahali uliposema mama yake alimwomba.

Halafu kitu kingine ambacho umekipita haraka. Huyu mwanaume alikuona juu ya ngazi. Hakukuona kanisani wala harusini umevaa kitenge, alikukuta darini na vumbi la saruji kichwani akarudi kesho na keshokutwa. Sijui anafikiri yule dada wa ngazi ameenda wapi. Labda hajawahi kujiuliza, labda anadhani ulikuwa unateseka na yeye amekuokoa, na wewe kwa machozi ya furaha ya siku ile ulimthibitishia hivyo. Na hukudanganya, ulikuwa umechoka kweli. Mtu anaweza kuhitaji kupumzika mwezi, mwaka, bila kuwa ameomba kustaafu.

Hili la afya sitaki tulizungushe. Umeniambia usingizi huna, moyo unakwenda mbio, chakula hakishuki, mtoto unamwona kama wa mtu, na una mwaka na nusu hivi tangu ujifungue. Sonona baada ya kujifungua ipo na inawapata akina mama wengi, wengine kimyakimya mpaka mtoto anatembea. Na mwili nao una mambo yake, damu kupungua, tezi ya shingoni, vyote vinaweza kuupeleka moyo mbio. Kwa hiyo huenda hata ukipata kazi kesho bado usingizi usirudi, na huenda ukitibiwa ukakuta ndoa inavumilika zaidi ya unavyodhani, au ukaona wazi zaidi kisichovumilika. Nenda hospitali upimwe, hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, sema tu unataka kumwona mtu wa huko na waambie yote hata lile la mtoto, hawatakushangaa. Hii peke yake ndiyo nakuomba usiisubirishe, na kama kuna siku fikra zimekujia za kujidhuru wewe au mtoto, siku hiyohiyo uende, usisubiri mume arudi wala nani aruhusu.

Kuhusu Kibaha. Naelewa kinachokuvuta, hata mi nikisoma 35,000 najua si hela tu, ni kushika waya mchana watu wakikuona. Ila fikiria siku itakavyokuwa. Utarudi na vumbi la saruji kwenye nywele, jirani ana mtoto, siku mtoto akipata homa utapokea simu ukiwa juu ya ngazi na hujui utaanzia wapi kueleza. Na mume akija kugundua, mazungumzo hayatakuwa tena ya kazi yako, yatakuwa ya uongo wako, na mawifi watapata cha kusema mpaka wajukuu. Upande mwingine najua pia kuna wanawake walioanza kwa siri kwa sababu mlango wa kuomba ulikuwa umefungwa kabisa, na mimi siwezi kuwanyooshea kidole. Swali ni kama wa kwako umefungwa au hujaugonga. Kwenye barua nzima nimeona umegonga mara moja, "nitaiangalia", akasema hapana, ukanyamaza.

Ukitaka kugonga tena, mi nisingeanzia na neno kazi. Neno kazi kwake lina mafuta ya moto ndani yake. Pengine uanzie na ile soketi. Mwambie usiku ule feni lilivyozima hawakukata umeme, nilikuwa mimi. Mwambie kijana alikosea nini na kingetokea nini mtoto angeishika pasi. Halafu mwache akae nayo. Hatari ipo, anaweza kuona umemficha, anaweza kuogopa kwamba ulishika umeme usiku peke yako, anaweza kukasirika na 30,000 yake. Anaweza pia kucheka akakwambia usijichoshe, na hapo utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui. Kumshirikisha mama mkwe kabla yake ni njia pia, ila ujue mwanaume akisikia shida ya chumbani kwake toka kwa mama yake huwa anaona amevuliwa nguo, na ukimkosa mama mkwe umewakosa wote.

Ukiona bado ni mapema kusema chochote, nayo sio dhambi. Kukaa kimya miezi kadhaa ukitibiwa, ukipata nguvu, huku unafanya kitu kidogo kama kurudisha bisbisi yako na plaisi nyumbani, ni uamuzi. Ila uwe umeuamua, usiwe umekuangukia, maana kimya cha kuangukiwa ndicho kinachokupeleka chooni.

Na hela mwanangu. Ile "usijichoshe kichwa na kiwanja" mi ndiyo imenikaa kuliko hata begi la zana. Usiseme huchangii. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye kupatikana kwa mali ya ndoa. Yeye mwenyewe rufaa yake haikumpa alichokuwa anakitafuta, kwa sababu nyingine, lakini lile neno limebaki na limesaidia wanawake wengi nyuma yake. Na ile Sheria ya Ndoa inampa mke haki sawa na mwanaume ya kupata mali na kuimiliki. Sikwambii hivi uende ukamsomee vifungu mezani, utaharibu. Nakwambia ili akikwambia usijichoshe, ndani yako uwe unajua kwamba kujua hati ya kiwanja iko wapi na ina jina la nani ni jambo la mke wa kawaida kabisa.

Mtoto uliyemnyang'anya tesa usijihukumu sana kwa hilo, mtoto wa mwaka mmoja na tesa ungemnyang'anya tu hata ungekuwa na furaha gani. Uliyoiogopa nadhani ni ile hasira, na ule mdoli uliomkabidhi haraka haraka. Kuku akichinjwa hapo nyumbani kwako leo, firigisi inakwenda sahani ya nani? Siulizi kukutega. Angalia tu siku moja mkono wako unavyokwenda wenyewe.

Niandikie tena ukishatoka hospitali, hata mistari miwili. Na uniambie kitu kimoja ambacho hukukiandika na mimi nimebaki nakitafuta kwenye barua: usiku ule, ulipowasha mein swichi, ulichomeka nini kwanza kuijaribu?